Nusu ya Pili ya Simu ya Mama Emérita

Risala ya wanachama wa Koperative Kilima na Pori, Burungu na Omate, kwa mgeni rasmi, Papa Grégoire

Mgeni rasmi, Papa Grégoire, mkuu wa ofisi ya Goma inayotukodishia mkurugenzi. Mama Adelaïde, mkurugenzi mwenyewe, ambaye tumemlazimisha akae hapa mbele ingawa macho yake yako kule kwenye chumba cha fromaji. Papa mchungaji wetu. Wanachama wa Burungu mliotoka malishoni na matope bado miguuni. Na ninyi wenzetu wa Omate mliolala njiani ili mfike kutoka Walikale: tunawasalimu nyote, na tunafurahi kuwaona.

Kabla ya yote, mgeni rasmi, tukujulishe jambo moja. Anayekusomea risala hii ni Mama Emérita, rais wa koperative, lakini si yeye aliyeiandika. Tuliiandika sisi wanachama, kwa mkono wa katibu wetu Papa Straton, na mengi yaliyomo yanamhusu yeye. Tumempa aisome mwenyewe kwa makusudi, naye ametuahidi mbele ya mchungaji kwamba hataruka hata mstari. Ukimwona anakohoa sana, ujue amefika mahali asipopapenda.

KARIBU BURUNGU

Karibu sana, Papa. Tunajua njia ilivyokutesa, na tunajua pia kilichokuleta. Hukupanda kilima hiki kuja kutazama ng'ombe. Umekuja kupima kama Mama Adelaïde anafaa kutuongoza au hafai, kwa sababu mwisho wa mwaka ulipompigia simu rais wetu ukamuuliza habari zake, ulisikia mabaya matupu. Tumeambiwa mkataba wake umewekwa kando ukingoja safari yako. Tumeambiwa pia kwamba ukirudi Goma na neno "hafai", hatatupoteza sisi peke yetu. Atapoteza na vikundi vingine anavyoviongoza siku nyingine za juma, maana nani atamkodi mkurugenzi aliyekataliwa?

Jambo hilo limetuuma. Simu ile ilikuwa na nusu mbili, na wewe ulisikia nusu moja tu. Leo tunakusomea nusu ya pili, na tunakuomba uvumilivu, kwa sababu ni ndefu kuliko ya kwanza.

TULIVYOANZA

Sisi ni wafugaji na wakamuaji wa Burungu, pamoja na wachuuzi wa Omate. Maziwa ya vilima hivi tunayagandisha, tunayakamua maji, tunayatia chumvi na kuyakomaza juu ya mbao mpaka yawe jibini, ambayo hapa kila mtu anaiita fromaji. Fromaji inapanda pikipiki, inashuka mpaka porini kwa wachimba madini wa Omate, na pikipiki hiyohiyo inarudi na mawese. Huo ndio mwendo wetu. Ulianza na Mama Emérita na sufuria yake moja, na Papa Luc wa Omate aliyefika Kitchanga, mji ulio karibu nasi, kutafuta maharagwe akarudi kwao na fromaji begani. Wenzake walimcheka njia nzima. Walipoionja waliacha kucheka wakaomba nyingine.

Tulikua haraka, na kelele nazo zikakua. Burungu ililaumu Omate, Omate ililaumu Burungu, na hakukuwa na mtu wa kusimama katikati. Mkurugenzi wa kila siku hatukuwa na uwezo naye, na hata tungekuwa nao, mtu mwenye diploma zake hakubali kuhamia Burungu. Ndipo ofisi yako ikatuletea wazo ambalo hatukuwahi kulisikia: mtu mmoja aliyesoma na kuongoza kazi kubwa, anakodishwa kwa vikundi kadhaa, kila kikundi na siku yake. Sisi tukapewa Jumanne.

Papa Darius, mkubwa wa wafugaji wetu, hakulifurahia.

"Mukubwa wa siku moja, njo mukubwa gani?" akauliza kwenye mkutano. "Ng'ombe anakamuliwaka kila siku."

"Tujaribu tu," Mama Emérita akamjibu. "Hata padri anakuyaka huku mara moja ku mwezi, na batoto banabatizwa."

Darius alicheka, na kwa kuwa alikuwa amecheka hakuweza tena kukataa. Hivyo ndivyo tulivyokubali.

MWAKA WA KUKU

Mgeni rasmi, sehemu hii ndiyo tuliyomwapisha Mama Emérita asiiruke.

Jumanne ya kwanza Mama Emérita alimwona Mama Adelaïde anashuka kwenye pikipiki, gauni safi, viatu vya mjini, vumbi mpaka kwenye nyusi, akiwa amelala Kitchanga ili awahi. Alimwonea huruma papo hapo. Mkataba ulimwita mkurugenzi, lakini moyoni mwake alimwona mtu aliyetoka mbali, ambaye kesho hatakuwepo, na kwetu mtu wa namna hiyo ana jina moja tu: mgeni. Akamshika mkono, akampeleka kwenye kiti kizuri, akampa maziwa ya asubuhi, akamchinjia kuku. Jumanne iliyofuata, kuku. Iliyofuata, kuku. Majogoo wa Burungu walijifunza siku za juma kabla ya watoto wetu wa shule.

Sasa, mgeni kwetu haonyeshwi mabaya ya nyumba. Anayemwonyesha mgeni chungu kilichopasuka anamwaibisha mgeni na kujiaibisha mwenyewe. Na sisi mabaya tulikuwa nayo. Fromaji zilikuwa zinavimba. Unaiweka juu ya ubao ikiwa nzuri, baada ya siku chache imejaa tumbo, imepasuka ubavuni na inatoa harufu chungu. Hatukujua kwa nini. Tulichojua ni kwamba Mama Direkteri, kama tulivyomwita mkurugenzi, asizione.

Basi kila Jumatatu jioni, Mama Emérita akitangulia, tulizibeba zilizovimba kichwani tukazipeleka kwa Papa Darius ng'ambo ya bonde. Kila Jumatano tulizirudisha, kwa sababu mke wa Darius alisema harufu ile haiwezi kukaa na watu. Njia ni ya mawe, jua ni kali, na ili tumalize haraka tulibeba pia zile zilizokuwa jirani yazo, ambazo bado zilikuwa nzuri. Zikagongana, zikapata joto, zikapasuka. Kila juma mzigo wa kuficha ulikuwa mzito kuliko wa juma lililotangulia, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema: jamani, si tunaziua wenyewe? Mama Emérita alikuwa anachoka mpaka shingo inakakamaa, lakini Jumanne asubuhi alipoona chumba kimepangwa vizuri na mgeni ametabasamu, alijisikia mama mwenye nyumba kamili.

Omate nako hawakulala. Mama Adelaïde aliposhuka huko, Papa Luc alimpa kitanda chake, akampa nyama ya pori iliyokauka vizuri juu ya moshi, akamwambia kila kitu kinauzika. Fromaji zilizoyeyuka kwa joto la pori alikuwa amezifunika kwa majani ya ndizi nyuma ya nyumba, na mbwa wote wa kijiji walikuwa wanajua ziko wapi isipokuwa mkurugenzi.

Hebu fikiria uongozi wa namna hiyo, Papa. Anauliza, anaambiwa ni vizuri. Anatazama, anaona vizuri. Kwa akili yake nzuri akatuambia: kama zote zinauzika, ongezeni. Tukaongeza, maana mgeni habishiwi. Zilizoharibika zikaongezeka pia. Mwisho wa mwaka ule wa kwanza ukapiga simu, ukamuuliza Mama Emérita kama mtu wako anafaa, naye akakujibu kwa sauti tuliyoisikia sote: "Anafaa kabisa, Papa! Hana kosa hata moja!" Ukafurahi. Mwaka ule ambao hakujua lolote juu yetu ndio mwaka aliosifiwa.

ALHAMISI

Halafu mvua ikang'oa daraja. Jumanne Mama Adelaïde hakufika, na sisi tulidhani hataonekana Burungu mpaka juma lijalo. Kumbe alingoja Kitchanga, akatafuta njia ya juu, akatembea kwa miguu sehemu kubwa, akafika Alhamisi bila kumwambia mtu.

Hakukuwa na kuku. Hakukuwa na kiti. Mama Emérita alikuwa chumbani, mikono imezama kwenye maji ya maziwa mpaka kiwiko, kitenge kimepandishwa, na nyuma yake mbao nzima za fromaji zilizovimba. Alipogeuka akamwona mlangoni, alitamani ardhi ipasuke. Mazungumzo yao tuliyasikia sisi tuliokuwa nje na madumu, na tunayaweka hapa kama yalivyokuwa.

"Mama Emérita, hii nini?"

"Iko fromaji, Mama Direkteri."

"Inavimba juu ya sababu gani?"

"Ikala kwanza, Mama. Nikupe maziwa."

"Sitaki maziwa. Iko hivi tangu siku gani?"

"Tangu zamani."

"Na juu ya sababu gani hamukuniambia?"

Mama Emérita alitafuta uongo mmoja mdogo, akakosa. "Uko mugeni, Mama," akasema. "Mugeni haonyeshwake mabaya ya nyumba. Iko haya."

Mama Adelaïde akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na viatu vyake vile. Wengi wetu tulidhani atapanda pikipiki arudi asionekane tena, na kusema kweli tulistahili.

"Mwaka muzima ninakuya hapa," akasema, "kumbe sijafika bado."

Kisha akainuka. "Musikilize. Mugeni munamupa chakula. Mutu wa kazi munamupa kazi. Mimi niko mutu wenu wa kazi wa Jumanne. Munipe kazi."

Mama Emérita akalia. Alilia kwa haya, na kwa uchovu wa Jumatatu zote zile, na zaidi ya yote kwa kupata nafuu, maana kuficha kulikuwa kumemlemea kuliko fromaji zenyewe. Alijifuta machozi kwa mkono uliolowa maji ya maziwa, akanuka siku nzima. Ametuomba maneno haya tuyaondoe. Tumekataa.

Tangu Alhamisi ile tuna sheria moja: mabaya kwanza. Mkutano wa Jumanne hauanzi na chai, hauanzi na habari za nyumbani. Kila mtu anasema kilichoharibika, kisha ndipo tunafika kwenye kilichofaulu. Tulipata shida sana mwanzoni. Papa Straton alikuwa anasema baya moja halafu anaomba msamaha mara tatu. Lakini tukazoea, na baada ya kuzoea tukaipenda, na sasa hata majumbani watu wanasalimiana hivyo, jambo ambalo mchungaji amelilalamikia.

MABAYA ULIYOYASIKIA

Sasa unaelewa kilichotokea kwenye simu, mgeni rasmi. Ulipopiga tena mwisho wa mwaka wa pili, Mama Emérita alipanda juu ya kilima pale mtandao unapopatikana, akasimama sawasawa, na kwa heshima yote akaanza kama alivyofundishwa na mtu wako mwenyewe. Alianza na mabaya. Hatuyafuti, kwa sababu ni kweli. Tunayarudia hapa mbele yake.

Mama Adelaïde anaogopa ng'ombe. Akimwona dume, yeye anapita upande wa pili wa ua, na kwa koperative ya maziwa hiyo si sifa. Ni mwepesi wa maneno. Siku moja alimkemea Papa Straton mbele ya watu kama mwanafunzi aliyechelewa, na Papa Straton, ambaye ana wajukuu, hakukanyaga mkutanoni mpaka Mama Adelaïde alipomfuata nyumbani kumwomba radhi. Mabibi zetu hawasikii Kiswahili chake cha haraka, naye hasikii Kihunde wala Kinyarwanda chao, kwa hiyo wao wanamsikia kupitia midomo ya wengine. Na baya kubwa kuliko yote: ni wa Jumanne. Jambo likiharibika Jumatano, linamngoja au linatushinda. Simu yake siku nyingine inaitikia mambo ya watu wengine, na hilo ni haki yao, lakini linatuuma.

Yote hayo Mama Emérita aliyasema vizuri, moja baada ya jingine, mpaka akafika mahali pa kusema "lakini." Alisema "lakini", na mtandao ukakatika.

Tulimwona kutoka chini anazunguka kilele akiinua simu juu, anaita "Alo! Papa! Sijamaliza!" mpaka mbuzi wakakimbia. Alishuka uso umebadilika.

"Nimemuharibia mutu kazi yake," akasema. "Mimi mwenyewe. Na kinywa changu."

Kesho yake alipanda tena, na keshokutwa, na siku zilizofuata. Mnara wa Kitchanga ulikuwa umezimika. Ulipowaka, alipata habari kwamba ofisi yako imekwisha kukata shauri la kuja kuchunguza. Hajala vizuri tangu wakati huo, na yeye ni mtu anayependa kula.

MAZURI YALIYOKATIKA NA MTANDAO

Mbao zetu leo ni nzima. Ukimaliza hapa, ingia chumbani ushike mwenyewe. Mama Adelaïde hakujifanya anajua siri za maziwa. Alituambia tusichanganye tena. Maziwa ya kila kilima, ya asubuhi na ya jioni, yakae peke yake mpaka tujue mabaya yanatoka wapi. Tukayatenga. Ikaonekana ni maziwa ya jioni yaliyolala kwenye madumu ya joto. Sasa ya jioni wanakunywa watu wa nyumbani, ya asubuhi ndiyo yanakuwa fromaji. Watoto wamenenepa, na Darius amepumzishwa kazi ya kuhifadhi uvundo.

Omate nako Papa Luc alifunua majani yake ya ndizi. Tatizo la kule lilikuwa ukubwa. Mchimbaji hana mahali pa kuweka fromaji kubwa. Anakata kipande, iliyobaki inayeyuka. Mama Adelaïde alikaa na wachuuzi na wachimbaji, akawasikiliza mpaka wakamaliza mabaya yao, kisha akaamua tutengeneze ndogo, ya mtu mmoja kula mara moja. Kule porini wachimbaji wameipa jina, wanaiita Jumanne. Mtu anatoka shimoni na njaa yake, anasema, "Unipe Jumanne mbili." Papa Luc ametuomba tuseme kwamba zinamalizika kabla hajashusha mzigo.

Lakini yote hayo, Papa, mkurugenzi yeyote mwenye akili angeweza kuyafanya. Tunataka kukuambia la mwisho, ambalo ndilo lililotufanya tuandike risala.

Kulikuwa na majuma ambayo njia ilifungwa. Hatuna haja ya kukueleza kwa nini. Watu wa vilima vya chini walipanda kwetu na mizigo na watoto, wakalala kanisani. Pikipiki hazikutembea. Mtandao haukuwepo, chumvi ilikuwa inakwisha, na ng'ombe, kama alivyosema Darius, wanakamuliwa kila siku. Kila asubuhi maziwa yalifika mlangoni mwa Mama Emérita, na nyuma ya maziwa macho yetu sote yakimtazama.

Alitamani kusema tungoje Jumanne. Jumanne ikafika bila Mama Adelaïde. Tulikaa kwenye mkutano kama kawaida, mahali pake pakiwa wazi. Mama Emérita ametuambia hakuwahi kuogopa hivyo hata siku ya ndoa yake. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo:

"Basi, tuanze na mabaya."

Tukaanza. Tulipomaliza kuyataja yote tuliona yanahesabika, na kinachohesabika kinaweza kushikwa. Tukaamua chumvi iliyobaki itumike kwa fromaji kubwa na ngumu, zinazoweza kungoja njia. Maziwa yatakayozidi yapelekwe kanisani kwa watoto. Na sufuria kubwa, ile ya kugandishia, kila mchana tukimaliza kazi tuwaazimishe waliolala kanisani wapikie. Wengine walinung'unika juu ya sufuria. Tukabishana, tukakubaliana, tukaenda kufanya kazi.

Njia ilipofunguka Mama Adelaïde alifika na matope mpaka kifuani. Hakusalimu mtu. Aliingia chumbani, akagusa kila fromaji moja moja.

"Nani aliamua hii yote?" akauliza.

"Siye," akajibu Mama Emérita.

"Siye nani?"

"Siye bote. Weye ulikuwa hauko."

Akazisikiliza habari zote mpaka za sufuria. "Sufuria mimi ningekatala," akasema. "Ningeogopa itarudia na uchafu, fromaji zivimbe tena." Akawatazama watoto wa kanisani wakicheza nje. "Na ningekosea." Kisha akacheka, na ndiyo mara ya kwanza tulimwona anacheka mpaka akashika ukuta.

Mgeni rasmi, tulikuwa tunajiuliza mkubwa wa siku moja anafaa nini. Jibu tulilipata Jumanne ile ambayo hakuja. Kuna wakubwa wa kila siku ambao wakiondoka asubuhi moja kazi inakufa kabla ya adhuhuri, na watu wanawasifu kwa hilo, wanasema tazama jinsi alivyo wa lazima. Sisi wetu alikuwa mbali, na kazi ilitembea kwa miguu aliyotufundisha. Kama ofisi yako ina kipimo kingine cha kumpima kiongozi, tuonyeshe, tutakisoma. Sisi hiki ndicho tulichonacho, na kwa kipimo hiki Mama Adelaïde anafaa. Tunalisema hilo na mtandao haupo hapa wa kulikata.

MAOMBI YETU

La kwanza unalijua tayari. Usimwondoe. Usiandike kwamba hafai kwa sababu sisi tumejifunza kusema ukweli juu yake. Yeye ndiye aliyetufundisha, na ingekuwa aibu kubwa somo lake limwadhibu mwalimu.

La pili. Tumesikia mnafikiria kutuletea mkurugenzi wa siku zote, kwa kuwa tumekua. Tunashukuru kwa nia njema, lakini hapana. Mtu wa siku zote atakaa, nasi tutarudi kungoja atuambie.

La tatu litakushangaza. Tunaomba aje kwetu mara moja tu kwa mwezi.

Mgeni rasmi, usikunje uso, hatujachanganyikiwa. Kule Lushebere, karibu na Masisi, kwenye kambi ya waliokimbia makwao, kuna akina mama wanaotengeneza sabuni kwa mawese yetu ya Omate. Baadhi yao ni wale waliolala kanisani kwetu. Mikono wanayo, bidii wanayo, na ugomvi wanao kama tuliokuwa nao sisi. Mtu wa kusimama katikati hawana, na uwezo wa kumkodi hawana. Tumekubaliana sote, Burungu na Omate, hata Papa Darius: Jumanne zetu nyingine ziende kwao, na gharama ibaki kwetu.

Jambo hili tulimwambia Mama Adelaïde juma lililopita. Tuliona uso wake unaanguka. Ingawa ni mtu wa maneno mengi, alichukua kalamu tu akairudisha.

"Sawa," akasema mwishowe. "Munanifukuza na adabu. Nasikia."

Mama Emérita akainuka, akaenda mpaka alipokuwa ameketi, akamshika mabega yote mawili, yeye rais wetu ambaye mwaka mzima alimwita mgeni.

"Hapana, dada yangu," akamwambia. "Tunakuazimisha. Na mutu anaazimishaka kitu yake tu."

Mgeni rasmi, neno letu limeishia hapo. Mungu aliyekupandisha akushushe salama, ailinde ofisi yako na watu wako, awape Lushebere njia ya kurudi nyumbani, awape ng'ombe wetu majani na Omate mashimo yasiyoanguka. Na ampe Mama Adelaïde miguu ya kufika kote tunakomtuma.

Ni sisi wanachama, wafugaji, wakamuaji na wachuuzi wa Koperative Kilima na Pori, Burungu na Omate.